Msomaji wa Hadithi za Mapenzi Anataka Nini Hasa?

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia ngeli, mbinu za kufundisha sarufi na ushairi wa kimapokeo. Safari hii tumeona vema tuguse jambo ambalo walimu wa fasihi hulizungumza zaidi wakiwa wenyewe kwa wenyewe kuliko wakiwa darasani. Jambo lenyewe ni hadithi za mapenzi ya chumbani, hususan zile zinazoandikwa kwa nia ya kuuzwa. Wanafunzi wetu wanazisoma, na baadhi yao wameanza kuziandika. Mwalimu akikaa kimya, somo hilo watafundishwa na soko peke yake.

Hapa Rubavu suala hili lina uzito wa pekee. Mji wetu umepakana na Goma, na Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya gati na ya mpakani tangu zamani. Mwaka 2017 Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, sambamba na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Hata hivyo, lugha haikui kwa sheria tu. Hukua pale mtu anapokaa jioni akasoma kwa hiari yake, pasipo mtihani wala alama. Kijana wa hapa anayetaka kusoma Kiswahili kwa starehe hana vitabu vingi vya kuchagua dukani. Kwa hiyo husoma kinachomfikia kwenye simu yake, na kinachomfikia kwa urahisi ni hadithi kutoka Tanzania, zikiwamo zile ziitwazo chombezo.

Chombezo ni nini?

Jina hili limetokana na kitenzi kuchombeza, yaani kubembeleza, kama mama anavyomwimbia mtoto alale, au kumvuta mtu kwa maneno matamu. Siku hizi ni jina la hadithi ya mfululizo inayosimulia mapenzi kwa uwazi kuliko riwaya ya kawaida. Utaratibu wa biashara yake unajulikana. Sehemu za mwanzo hutolewa bure, na pale mlango wa chumba unapofungwa msomaji huambiwa atume fedha kwa simu ili apate sehemu zilizobaki.

Mwandishi chipukizi anayeutazama utaratibu huo hufikia haraka uamuzi kwamba msomaji analipia mwili. Basi anaandika mwili: ukurasa wa kwanza mwili, wa pili mwili, na wa tatu vivyo hivyo. Baada ya sehemu nne hana msomaji, naye hulaumu ushindani au umaskini wa wateja. Sisi tunaona kwamba kosa lake liko katika kusoma soko vibaya. Msomaji hakulipia kilichomo chumbani. Alilipa kwa sababu alikwisha kumjua mtu aliyeingia humo, na alitaka kujua atatokaje. Tukiangalia historia ya fasihi pendwa ya Afrika Mashariki tutaona ushahidi wa kutosha.

Maillu alipowauliza wasomaji

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa David Maillu wa Kenya, mzaliwa wa mwaka 1939. Miaka ya 1970 alianzisha jijini Nairobi kampuni yake ya uchapishaji, Comb Books, akatoa vitabu vidogo vya bei nafuu ambavyo mtu angeweza kuvitia mfukoni. Vilitoka kwa kufuatana: Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka 1973, kisha After 4.30 mwaka 1974. Viliandikwa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza chenye mwendo wa mazungumzo ya mtaani. Wahakiki wengi wa vyuo vikuu waliviita takataka, ilhali wanunuzi walivigombania. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku nchini humo.

Linalotuhusu zaidi ni namna Maillu alivyoanza. Ameeleza katika mahojiano kwamba kabla ya kuandika aliwauliza watu wa kawaida wanapenda kusoma juu ya nini. Mapenzi yalitajwa, naam. Lakini yalitajwa pamoja na fedha, siasa, dini, kifo na mahusiano ya watu. Orodha hiyo inafaa kubandikwa mbele ya kila anayetaka kuandika ili auze. Waliomwiga Maillu wengi walikisoma kipengele kimoja tu, wakadhani wameelewa siri yake.

Tukivifungua vitabu hivyo tunakuta nini? Katika Unfit for Human Consumption yupo mtumishi wa serikali anayeumaliza mshahara wake kwa pombe na wanawake, na mwisho wake ni mauti. Katika My Dear Bottle mlevi anazungumza na chupa yake. Katika After 4.30, kitabu kilichoandikwa kwa mistari kama ya ushairi, tunasikia sauti ya mwanamke mpiga chapa anayejua kwamba bosi wake haoni mwisho wa kazi pale saa za ofisi zinapokwisha. Mambo ya chumbani yamo, tena yamesemwa bila haya. Lakini ukiyatoa, bado unabaki na karani na deni lake, mpangaji na kodi yake, katibu muhtasi na hofu ya kufukuzwa kazi.

Msomaji wa Nairobi wa miaka ile alikuwa mtu aliyetoka kijijini, amepanga chumba, mke yuko nyumbani shambani, na mshahara unakwisha kabla ya mwezi. Riwaya zilizokuwa zikisifiwa wakati huo zilimweleza juu ya ukoloni na mgongano wa mila. Maillu alimweleza juu ya Ijumaa yake. Kwa maoni yetu, hilo ndilo lililouza vitabu vyake. Kitanda kilikuwa mlango wa kuingilia, na msomaji alipoingia ndani alijikuta yeye mwenyewe.

Tuongeze jambo moja ambalo wakosoaji wa maadili hulisahau. Mwasherati wa Maillu haponi. Hupoteza kazi, hupoteza jina, wakati mwingine hupoteza uhai. Msomaji alitaka kuona dhambi, na alitaka pia kuona malipo yake. Yawezekana mwandishi aliweka adhabu hiyo kama ngao dhidi ya lawama. Hata hivyo, mtu hachoshwi na hadithi ya kuanguka ikiwa anahofia kuanguka vilevile.

Rosa Mistika na somo la marufuku

Upande wa Kiswahili, mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, hakuwa mwandishi wa fasihi pendwa. Hata hivyo kitabu chake kilipata sifa ya kuwa kitabu cha siri, kwa kuwa kilizuiwa kwa muda kutumika shuleni kutokana na yale yaliyosemwa humo juu ya ngono na utoaji mimba. Kama ilivyo kawaida ya marufuku, vijana wengi walikitafuta kwa sababu hiyo hiyo.

Waliokitafuta walikuta nini? Walimkuta binti wa Ukerewe ambaye baba yake, Zakaria, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Amefungiwa kila kitu, kisha anapelekwa shuleni na chuoni, ambako hakuna tena wa kumfungia. Anaingia katika uhusiano mmoja baada ya mwingine, na mwishowe, mwanamume aliyetaka kumwoa anapomkataa kwa kuwa si bikira, anajiua. Kurasa zilizonong'onwa ni chache, na si za kuwasha mtu. Kijana aliyekifungua kwa tamaa alikifunga kwa huzuni, na pengine kwa hasira dhidi ya Zakaria.

Hapa pana fundisho kwa mwandishi wa biashara. Kezilahabi hakuwauliza wasomaji wanataka nini. Lakini aligusa lile ambalo kila kijana aliyelelewa kwa fimbo na ukimya alitaka lisemwe: kwamba mwili wake upo, na kwamba hakuna mkubwa aliyemfundisha kuishi nao. Maillu alikwenda sokoni na Kezilahabi akaenda nyumbani kwa Zakaria, lakini wote wawili walifika kwa msomaji yule yule, mtu mwenye jambo la faragha asilo na pa kulisemea.

Nasi hapa Rwanda tunao ushahidi wetu, ingawa si wa vitabu. Urunana, mchezo wa redio wa Kinyarwanda ulioanza mwaka 1999, ulijengwa juu ya masuala ya afya ya uzazi, yale ambayo wazazi wengi waliona aibu kuyataja mbele ya watoto. Watu waliusikiliza familia nzima. Hawakuja kwa ajili ya mafunzo ya uzazi wa mpango. Walikuja kujua yule jirani wa kwenye mchezo atafanya nini baada ya ugomvi wa wiki iliyopita, na mafunzo yakawakuta hapo hapo.

Lugha ya pazia

Kosa la pili la mwandishi chipukizi ni la lugha. Anapofika kwenye jambo lenyewe ana njia mbili tu: ama maneno ya kitabu cha baiolojia, ama matusi ya mtaani. Njia zote mbili huua hamu. Ya kwanza inamkumbusha msomaji mtihani, na ya pili inamkumbusha ugomvi wa baa.

Kiswahili hakina upungufu huo. Ni lugha iliyojifunza kusema mambo ya faragha hadharani kwa mamia ya miaka. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, unamfundisha binti dini na adabu, na ndani yake yamo manukato, mapambo na namna ya kumstarehesha mume. Hakuna anayeutoa kwenye mtaala kwa sababu hiyo. Taarabu ya Zanzibar, tangu enzi za Siti binti Saad, imejaa matunda, maua, jahazi na ndege ambao kila msikilizaji mtu mzima anajua wanamaanisha nini. Makungwi na masomo wameyafundisha mambo ya ndoa kwa nyimbo na ngoma za unyago, na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa mwimbaji wa taarabu na mwalimu wa unyago kwa wakati mmoja. Kanga nayo husema maneno ambayo mvaaji angekana kuyatamka.

Kwa mwanafunzi wa Kinyarwanda jambo hili si geni. Lugha yake ina msemo gutera akabariro, tafsida ya tendo la ndoa inayotokana na maneno ya ujenzi wa ua na nyumba. Mwanafunzi anayeujua msemo huo anajua tayari kwamba tafsida haifichi tu. Inaeleza namna jamii inavyolifikiria jambo: hapa, kwamba mapenzi ya mke na mume ni kazi ya kujenga, hufanywa na kurudiwa ili nyumba isimame.

Fumbo hufanya kazi nyingine pia, ya kibiashara hasa. Mwandishi anapotaja kila kitu, msomaji hana kazi ya kufanya, na asiye na kazi huchoka. Anapoacha nusu, msomaji anaijaza kwa mambo yake mwenyewe, na hayo huyajua kuliko mwandishi yeyote. Kwa hiyo pazia halikuwekwa kwa ajili ya mdhibiti wa maadili peke yake. Limewekwa pia kwa faida ya mteja.

Itaendelea

Neno "itaendelea" limelisha waandishi wengi wa Kiswahili. Kabla ya simu, magazeti ya burudani ya Dar es Salaam yaliuzwa kwa nguvu ya hadithi za mfululizo, na Eric Shigongo, mwenye kampuni ya Global Publishers, alijipatia wasomaji wengi kwa njia hiyo. Chombezo imerithi mbinu ile ile, lakini wengi wa waandishi wake hawakurithi ufundi wake.

Taharuki ni swali linaloachwa wazi. Katika chombezo dhaifu swali ni moja tu: je, watalala pamoja? Likijibiwa, hadithi imekwisha, na mwandishi analazimika kumleta mtu wa tatu, wa nne na wa tano, kila mmoja akijibu swali lile lile. Katika hadithi yenye nguvu, kulala pamoja hufungua maswali mapya. Nani ameona? Fedha za ada zimekwenda wapi? Mama mkwe anajua? Yule aliyeahidi kurudi Jumapili atarudi? Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008, aliijua kanuni hii vizuri. Katika Dar es Salaam Usiku, riwaya ya mwaka 1990, maisha ya wanawake wanaouza miili yao yamo waziwazi, lakini kinachomsukuma msomaji ni fedha, kisasi na ndoto ya kutoka.

Tukienda mbali zaidi, kule Kano, Nijeria ya kaskazini, vitabu vya mapenzi vya Kihausa viitwavyo littattafan soyayya vimeuzwa sokoni kwa wingi tangu miaka ya 1980 na 1990. Vingi vimeandikwa na wanawake kwa ajili ya wanawake. Balaraba Ramat Yakubu, mmoja wa waandishi wake wanaojulikana, aliandika juu ya ndoa za kulazimishwa, wake wenza na waume wasiotunza nyumba. Mwaka 2007 gavana wa Kano alisimamia uchomaji wa vitabu vya aina hiyo hadharani, kwa madai ya kulinda maadili. Ajabu ni kwamba vitabu hivyo kwa sehemu kubwa havina chumba cha kulala cha kuzungumziwa. Kilichowauzia wasomaji, na pengine kilichowaudhi wakubwa, ni mwanamke anayeuliza kama anapendwa.

Mwandishi anapomsingizia msomaji

Hapa tunafika penye ubishi. Waandishi wa chombezo wakikosolewa hujibu, "Ndicho wasomaji wanachotaka." Jibu hilo halituridhishi, kwa sababu mbili.

Kwanza, msomaji hununua kilichopo. Ukimpa mtu ugali mtupu siku saba akala, hujathibitisha kwamba hapendi mboga. Maillu alikuwa na haki ya kusema "wanataka" kwa kuwa aliuliza. Wengi wa wanaosema hivyo leo hawajamuuliza mtu yeyote, wamehesabu malipo tu.

Pili, yapo mambo ambayo hata yakiuzika hayawi halali. Tumeona hadithi ambamo mhusika wa kike anakataa, na msimulizi anasimulia kukataa kwake kama aina ya kukubali. Tumeona pia hadithi zinazomvalisha sare za shule mtoto ambaye hajafikisha miaka 18 na kumweka mahali asipostahili kuwekwa na mtu mzima yeyote. Hayo tunayakataa bila kusitasita, na mwalimu anayeyakuta katika kazi ya mwanafunzi ayaseme wazi. Zaidi ya kosa la kimaadili, upo pia upungufu wa kisanaa. Hadithi ya mapenzi huishi kwa kuwa watu wawili wana hiari, na kila mmoja anaweza kusema hapana. Hiari ya mmoja ikiondolewa, taharuki imeondoka pamoja nayo, na kinachobaki ni ukatili ulioitwa kwa jina lisilo lake.

Kazi ya darasani

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza mambo matatu. La kwanza ni jaribio la kufuta. Mwanafunzi achukue hadithi ya mapenzi aliyoandika, afute aya zote za chumbani, kisha ampe mwenzake aisome. Mwenzake akiuliza "halafu ikawaje?", hadithi ipo. Asipouliza, hapakuwa na hadithi tangu mwanzo, na aya zilizofutwa zilikuwa zikiuficha upungufu huo.

La pili ni zoezi la tafsida. Wanafunzi wakusanye misemo ya Kiswahili na ya Kinyarwanda inayohusu uchumba na ndoa, wailinganishe, kisha waandike ukurasa mmoja wa watu wawili wazima walio peke yao bila kutaja kiungo chochote cha mwili kilicho chini ya shingo. Wengi watagundua kwamba ukurasa huo una joto kuliko waliouandika kwa uwazi.

La tatu ni kuuliza. Mwanafunzi anayetaka kuuza aende kwa wasomaji kumi, sokoni, kwenye saluni, kwenye kituo cha pikipiki, awaulize walisoma nini mara ya mwisho wakashindwa kuweka chini, na ni nini kiliwashika. Majibu ayaandike kama yalivyotolewa. Tunatarajia kwamba mapenzi yatatajwa, na kwamba baada ya mapenzi yatatajwa fedha, wivu, wazazi, wagonjwa na safari. Mwandishi mwenye orodha hiyo mkononi ana mtaji mkubwa kuliko mwenye ujasiri wa kutaja yasiyotajwa.

Aidha, tungependa maktaba zetu ziweke riwaya pendwa za Kiswahili kwenye rafu zinazofikika. Mwanafunzi aliyemsoma Mtobwa na Kezilahabi hatahitaji kuambiwa na sisi kwamba chombezo fulani ni dhaifu. Ataona mwenyewe, na akiandika ya kwake, msomaji wa Rubavu atapata Kiswahili cha kusoma jioni kilichoandikwa na jirani yake.

Walimu watakaofanya mojawapo ya mazoezi haya tunawaomba watuletee matokeo, hasa orodha za wasomaji, ili tuzichapishe katika toleo lijalo bila kutaja majina ya waliohojiwa.